Mashine ya Taipu Isiyo na X

Ildefonsi hakuiharibu mashine ya taipu ya parokia. Wanaosema hivyo sokoni Kasulu hawajapata hata kuigusa, na Theodosia, mjane wake, amechoka kuwasikia.

Mwaka 1974 Ildefonsi, karani wa parokia, alipewa kazi ya kupiga chapa nyimbo za Kiha. Sauti ya Kiha hupanda na kushuka. Bila alama juu ya irabu, mwimbaji mgeni hukwama. Mashine haikuwa na alama hizo. Akaona Q na X hazina kazi katika Kiha wala Kiswahili. Kwa ruhusa ya Padre, tena ya maandishi, fundi redio Leonidasi alichomoa vichwa vya herufi hizo mbili akalehemu alama mahali pake. Vile vya zamani vimo mkebeni, kabatini kwa Theodosia. Mharibifu gani hutunza hivyo?

Mwaka uliofuata ofisi moja ya Kibondo iliazima mashine hiyo. Ildefonsi alibandika karatasi: "Q na X hazipo." Karani wao, Khatibu, mtu wa Tanga, akaibandua akaitupa. Alichosahau, na hata Ildefonsi hakukifikiria, ni kwamba wapiga chapa hufuta makosa kwa kuyapigia X.

Khatibu akajikuta ameandika katika ripoti kwamba mkuu wake hajakanyaga kijiji hata kimoja. Akashtuka, akaipigia X sentensi nzima, akaandika mbele yake kwamba mkuu hutembelea vijiji kila wiki. Basi la Kigoma lilikuwa linapiga honi, hakuisoma tena. Ripoti ikafika mkoani na sentensi zote mbili, ya kwanza ikisomeka vizuri, imevikwa tu alama za nyimbo kichwani.

Akaja Kasulu, nyumbani kwa Ildefonsi, akamfokea Theodosia. "Shemeji, mumeo katufanyia hujuma!"

"Karatasi uliisoma?"

"Niliiona."

"Sikuuliza kuona, Bwana Khatibu. Nafundisha darasa la kwanza. Hata wao, Januari huona, Juni husoma."

"Lakini X, Mwalimu! Nani anang'oa X?"

"Na ile sentensi, ilitungwa na mashine?"

Ildefonsi alicheka hadi akashika mlango. Hakucheka tena, maana neno hujuma lilienea, na Padre akashauriwa amfukuze. Ndipo Theodosia alipobeba barua ya ruhusa, mkebe na mashine yenyewe hadi mbele ya halmashauri ya parokia. Akapiga mstari mmoja wa X. Wazee wakatazama alama, wakaisoma barua, wakakubali kwamba si hujuma. Ildefonsi akabaki kazini hadi kifo chake, mwaka jana, na nyimbo themanini na mbili zimekamilika.

Hata hivyo, juzi baada ya misa, jirani yake Philomena alimsogelea Theodosia. "Mama, eti marehemu alimwomba Khatibu radhi?"

"Hakuomba. Hakuwa na kosa."

"Na Khatibu je, aliomba?"

"Ya mume wangu nimeyasema. Ya Khatibu kamwulize Khatibu. Mimi sisemi tena."