Familia ya Kocha Haldorsen

Réjean Thibodeau alicheza beki wa hoki ya barafu mjini Sudbury, Kanada, tangu ujana, na meno yake ya mbele yaliishia kazini. Msimu huo akaletwa kocha mpya, Haldorsen, mwenye suti ya kubana, akatangaza, "Hapa sisi ni familia!"

Kufikia Krismasi alikuwa ameuza wachezaji sita, na timu inaburuta mkia. Siku moja akarudia wimbo wake ule ule chumbani mwa kubadilishia nguo.

"Sasa baba," Réjean akauliza, "leo unamuuza mtoto gani?"

Wenzake walishika mbavu kwa kicheko. Kesho yake akauzwa Réjean mwenyewe, kwa timu ya mbali huko Saskatchewan. Alifunga virago akilia, maana mkewe ndiyo kwanza amepaka rangi jiko. Theluji ilipoyeyuka na msimu kwisha, Sudbury ilishika mkia, na Haldorsen alikuwa runingani akilalamika kwamba vijana hawakumwelewa.