Fahali Niliyemchinjia Budha

Enzi zetu, ndugu zangu tuliofuta ubao kwa viganja, kitabu chenye jalada kilikuwa cha mwalimu. Sisi tulipewa vile vilivyokwisha kutafunwa na panya. Nami, ambaye mpaka leo safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kutoka Susuni kwenda Nyansurura kwenye harusi ya binamu, nikatamani kurudi nyumbani kabla ya pilau kuiva, nchi za mbali nilizijulia kwenye vitabu hivyo vyenye harufu ya mafuta ya taa.

Nikiwa darasa la tano niliazima kimoja chenye habari za waanzilishi wa dini. Humo nikamkuta Sidhartha, mtoto wa mfalme wa Bara Hindi, ambaye watu walikuja kumwita Budha, yaani aliyeamka. Jumamosi moja tulikuwa uani tukipukuchua mahindi: baba, mama, mimi na wifi yangu Robi, mtoto wake mgongoni. Vidole vinauma, vumbi la magunzi linawasha puani, viazi vitamu vinachemka chini ya majani ya mgomba. Nikaanza kuwasimulia.

Siku hizo kaka yangu Marwa, mume wa Robi, alikuwa ameondoka bila kuaga, mtoto hajaota jino. Baba alikataza jina lake lisitajwe pale bomani. Mama alikuwa amedokezwa na wafanyabiashara kwamba Marwa yuko Sirari, kule mpakani, anataka kurudi, anaogopa. Mimi kwa akili zangu za darasa la tano sikuona kabisa ninakoelekea.

"Baba yake alimweka ndani ya jumba asione shida," nikasema. "Siku moja akatoka. Akaona mzee, akaona mgonjwa, akaona maiti. Hakulala tena vizuri. Akaondoka kwenda kutafuta dawa ya mateso ya watu."

"Alikuwa na ng'ombe?" baba akauliza.

Kitabu hakikusema, lakini mfalme asiye na ng'ombe ni mfalme wa nini? "Wengi, baba."

"Akawaacha?"

"Akawaacha. Na mke. Na mtoto mchanga."

Robi akainama. Mama akanikata jicho.

"Huyo hakuamka," baba akasema. "Huyo alichanganyikiwa."

Nikaendelea harakaharaka: jinsi alivyojinyima chakula mpaka akabaki mifupa, akaona kujitesa hakumsaidii mtu, akala, jinsi alivyokaa chini ya mti akitafakari mpaka akaelewa kwamba mateso yanaletwa na tamaa, akaanza kuwafundisha wengine. Kisha akashika njia ya kurudi kwa baba yake.

"Baba yake akafanyaje?" baba akauliza.

Sasa, kurasa zilizofuata hazikuwepo. Mlinzi wa shule alikuwa amezisokotea tumbaku. Nikamtazama mama, gunzi limetulia mkononi. Robi naye hapukuchui. Ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tena Bara Hindi.

"Alimgombeza," nikasema. "Halafu akachinja fahali."

Baba aliendelea kusugua gunzi ambalo halikuwa na punje hata moja. Mwishowe akasema, bila kumwangalia mtu, "Yule aliyeko Sirari aambiwe lango lipo palepale."

Kumbe alijua siku zote.

Marwa alikuja wiki iliyofuata, amekonda, kamfuko ka rambo mkononi. "Shikamoo, baba." Baba alimgombeza mpaka kuku wakatawanyika, kisha akauliza, "Mura, kijana wangu, umekula?" Robi alimwekea mumewe mtoto mapajani, akaenda kisimani, akakaa huko mpaka jioni, yeye alihitaji muda mrefu zaidi, na hakuna aliyemharakisha. Fahali hatukumwona. Baba alichinja mbuzi, akasema sisi si wafalme.

Miaka mingi baadaye mwanangu alinitafutia habari ile kwenye simu. Inasimuliwa kwamba mfalme kweli aliona aibu mwanawe akipita nyumba kwa nyumba na bakuli la kuomba chakula, kisha akampokea. Ila huyo Budha, nikasoma, alifundisha watu wasiue viumbe. Nilijifunika uso kwa kanga! Mtu kaacha jumba zima kwa huruma, mimi namchinjia fahali wa Kikurya.

Vijana wa leo hawajui kurasa zilizosokotewa tumbaku. Mwisho wa hadithi wanaupata kwa kidole gumba kabla mwanzo haujapoa. Sisi ilibidi tuutunge, na tukishautunga, tuishi nao. Mwanangu huyohuyo sasa yuko Mwanza, hajafika nyumbani tangu mahindi ya mwaka juzi. "Mama, si tunaonana kwenye simu?" huniambia, uso umejaa kioo kizima. Simlaumu. Juzi nikamwambia tu kwamba kwenye simu hapachinjwi hata mbuzi. Alicheka sana. Nikamsubiri amalize kucheka aniambie anakuja lini, chaji ikamwishia.