Nilifeli leseni ya umeme kwa ndoo ya maji, Mama Zarina akanirudisha Kisongo

Wakuu, poleni na majukumu. Hasira bado ninazo, mnivumilie. Sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, form four leaver, fundi umeme hapa Arusha. Miaka minne nafanya wiring kwa jina la bosi kwa sababu leseni anayo yeye. Napanda darini mimi, muhuri anapiga yeye.

Nikaamua kuomba leseni yangu.

Kwenye usaili wakaniuliza napimaje earth, yaani ile fimbo ya shaba inayozamishwa ardhini ili umeme ukivuja ushukie huko. Nikajibu kwa kujiamini: namwaga kwanza ndoo ya maji ya chumvi, udongo ulowe, ndio napima.

Wakatazamana. Nikafeli.

Bosi alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia mama, rudi nyumbani ukanyonyeshe?"

Na ndoo kanifundisha yeye! Mkaguzi akikaribia, "mwagia, mwagia!" ili kipimo kisome vizuri siku hiyo. Shenzi kabisa.

Sasa mjueni Mama Zarina. Mama wa Kihindi, mjane, ana duka la vifaa vya umeme mjini. Amezunguka saiti na marehemu mumewe miaka mingi, kanuni za wiring anazijua kama sala zake. Kila mchana wateja wakipungua alinikalisha nyuma ya kaunta, mtoto kalala juu ya maboksi ya waya, ananihoji. Nikikosea:

"Binti, mkono fundi, mdomo kibarua! Sema tena!"

Nilipomsimulia ya ndoo hakucheka.

"Nyumba ya mwisho kumwagia iko wapi?"

"Kisongo, Mama. Kwa dada mmoja ana watoto wadogo."

Akanipa earth tester yake mwenyewe. "Kapime. Maji usibebe."

Kiangazi kile Kisongo ni vumbi tupu. Kipimo kilisoma vibaya kabisa.

"Vipi fundi, kuna shida?" mwenye nyumba akauliza.

Wakuu, kusema "hakuna" ilikuwa rahisi mno. Nikamwambia: earth yako haifanyi kazi, umeme ukivuja kwenye friji unaweza kuwapiga watoto, na kosa ni langu. Alinitukana, ni haki yake. Kesho yake nikarudi, nikazamisha fimbo mbili zaidi, nikapima udongo ukiwa mkavu. Ikakaa sawa.

Usaili wa pili wakaniuliza kosa langu kubwa kazini. Nikawapa hilo, lote.

Mmoja akavua miwani. "Ulimwambia mwenye nyumba kwa mdomo wako?"

"Ndiyo mzee, na matusi nilikula."

Leseni ninayo, ina jina langu. Nilipompelekea Mama Zarina aliisoma mstari kwa mstari, akatafuta kosa, akakosa. Akanirudishia: "Haya, toka, wateja wanasubiri." Macho yamemjaa machozi. Yule mama namvulia kofia.

Nilichojifunza: earth iliyolowa inamridhisha mkaguzi siku moja, ila watu wanaishi kwenye ile nyumba hata maji yakishakauka.

Mafundi mliofundishwa ndoo, semeni ukweli hapa. Mnaotaka kunitukana nanyi karibuni, ila mkapime kwanza.