Hendeli Yenye Mkanda Mwekundu

Pale kwenye malango ya mfereji wa boti, Bank Newton, Yorkshire, Uingereza, ukimtaja Roland Pickersgill watu walikuwa wanaguna kwanza. Si mtu mbaya. Shida yake, maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Alipostaafu akauza nyumba, akanunua boti nyembamba ndefu kama nyoka, akahamia mferejini na mkewe Glenys. Kazi aliistaafu. Ukaguzi hakuustaafu.

Mfereji unapopanda kilima, boti hupandishwa lango kwa lango, na kila lango ni kama birika lenye milango mbele na nyuma. Unaingia, unafunga nyuma, unafungulia vilango vya maji kwa hendeli, kama ile ya kuwashia malori ya zamani, na maji yanakuinua. Ukitoka unavishusha vilango. Usiposhusha, maji ya juu yanavuja usiku kucha, na asubuhi boti zote zimekaa kwenye tope kama viboko. Kila mtu anajua hilo. Na asiyejua, Roland alimjulisha.

"Umefunga?" Hata kasisi aliulizwa, tena akiwa na wageni.

Jioni moja ya mvua, Roland aliingia lango lake la mwisho la siku hiyo ubavu kwa ubavu na boti ya kukodi. Ndani yake alikuwemo mama mmoja kijana, Bethan, na mumewe, wamekuja likizo, usukani wameushika kama wameshika mbuzi wa mtu. Maji yalipojaa, Roland akawapungia mkono waondoke.

"Nendeni, nendeni! Vilango niachieni mimi. Nyinyi mtatuzamisha."

Wakashukuru, wakaenda kufunga kamba ukingoni kwa usiku. Glenys naye akaipeleka boti yao mbele kidogo, akaifunga ukingoni, akaingia jikoni. Mara sauti:

"Roly! Soseji zinaungua huku, na wewe unalowa kama kuku!"

Roland na soseji, ndugu zangu, hawakuwahi kugombana. Akakimbia.

Asubuhi kikombe cha chai kiliteleza chenyewe mezani, kikammwagikia Roland mapajani. Boti ilikuwa imelala upande. Kuchungulia nje, mfereji umebaki mtaro. Watu wametoka na nguo za kulalia. Mzee Wilf, jirani wa boti ya nyuma, amembeba mbwa wake.

"Mbwa wangu ameanguka kitandani," alisema. "Nani kaacha wazi?"

Roland hakungoja. Akanyoosha kidole. "Si ni hao wa kukodi! Kila mwaka ni hao hao! Wanapewa boti kama wanapewa baiskeli!"

Bethan uso ukamwiva. "Lakini mzee, jana si wewe ulisema..."

"Nilisema nini? Binti, usinifundishe mimi mfereji."

Mumewe akamvuta mkono. Bethan akatazama chini. "Basi samahani. Labda ni sisi. Ngoja nikafunge." Akaondoka mbio kuelekea langoni.

Hapo ndipo Roland alipopeleka mkono kwenye mkanda wa suruali, mahali hendeli yake inapolala. Patupu.

Akakumbuka soseji. Alikuwa na nafasi ya kusema, muda wote yule binti anaenda na kurudi. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini Wilf akamgonga bega: "Waambie, Roly! Wewe ndiye unayewaweza!" Mdomo ukajifunga.

Bethan akarudi akitembea taratibu, sweta kalivua kafunika kitu. Akamsogelea Roland, akakisukumia mkononi mwake chini ya lile sweta. Chuma. Hakuhitaji kukitazama, ni hendeli yake, yenye ule mkanda mwekundu wa rangi ambao Glenys aliupaka yeye mwenyewe mpinini, ili isipotee.

"Ilikuwa bado imening'inia pale," akamnong'oneza. "Sijamwambia mtu."

Bora angemtukana. Roland alitamani maji yarudi yote kwa mpigo, apate pa kujitosa. Akainua macho, akakutana na ya Glenys dirishani. Ameona wekundu unachungulia kwenye sweta.

"Roly," mkewe akauliza, taratibu tu. "Ulifunga?"

Akaitoa hendeli, akaiinua. "Ni mimi."

"Sema kwa nguvu," akasema Wilf. "Mbwa hajasikia."

"Ni mimi! Nilikimbilia soseji!"

Kicheko kilichopigwa pale, ng'ombe wa ng'ambo waliinua vichwa. Bethan peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma.

"Binti, nimekusingizia mbele za watu."

"Yameisha, babu."

Hayakuwa yameisha. Siku nzima Roland alisimama lango linalofuata kule juu, anateremsha maji kidogo kidogo kujaza pale alipopakausha, na kila aliyepita akamuuliza, "Mkaguzi, umefunga?" Alijibu kila mmoja: "Bado."

Boti zilipoelea, ya kukodi ikatangulia. Roland akawafungulia kamba. Bethan akampungia mkono. Roland akainama upesi, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa buti za mpira.