Blanketi Juu ya Zege

Nimewahi kulionea wivu zege. Cheka tu, lakini hata mke mwenza asingeniuma vile.

Manyara ilikuwa imefanywa mkoa, majengo yakiota kila upande, na mume wangu, fundi mwashi, akapata kazi yake ya kwanza kubwa pale Mbulu. Tulipewa chumba kimoja palepale kwenye ujenzi. Injinia alimfundisha kuchanganya zege gumu: maji machache, kokoto safi, na dawa ya kopo. Basi ikawa ndiyo hadithi ya kila mlo. "Siku tatu za mwanzo ndizo zinazoamua," alikuwa akisema. Baridi ikiliingia mapema, kwisha.

Mimi nilikuwa nimetoka Balangdalalu kwenye joto, nina kichanga cha siku nne. Mama mkwe alikuja kunikanda. Asubuhi ya kumwaga renta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, mume wangu aliinua sufuria yangu ya maji ya moto aende kuchanganyia zege, akanigeukia.

"Baridi imezidi leo, mama. Nitakuletea mengine."

Hakuleta. Jioni akarudi, nikajua amenikumbuka. Kumbe alifuata blanketi, lile la harusi yetu! Akalitandaza juu ya nailoni iliyofunika renta, na nikamsikia akiwaambia vibarua kwa sauti ya upole, "Taratibu, bado changa hilo." Mimi hajawahi kuniambia taratibu. Nilimchukia yeye na renta yake.

Kesho yake alipokwenda kununua misumari, niliamka na maumivu yangu, nikalivuta blanketi na nailoni yake upande niliofikia, nikajifunika mimi na mwanangu. Upepo wa Mbulu ukafanya kazi yake.

Siku ya tatu alifungua mbao za pembeni zilizoishikilia renta. Kona niliyoifunua ikamegeka mkononi mwake kama kiporo cha ugali. Akaja akasimama mlangoni, akaliona blanketi kitandani. Nilitegemea matusi; akaniambia tu:

"Mama, zege likipigwa baridi siku za mwanzo, halirudi tena."

"Na mzazi je?" nikamwuliza.

Mama mkwe akainamisha uso. Mume wangu akageuka. Alitoka, akakoka moto, akabandika sufuria mwenyewe, na maji yalipochemka akayaleta yote.

Kona aliivunja akaimwaga upya. Safari hii aliifunika kwa koti lake, akashinda anatetemeka na shati moja. Nilimtazama dirishani, na wivu ukanirudia, kidogo.