Mgongo Uliochelewa

Ulikuwa unauma mgongo, nikapasuliwa tumbo. Walipitia mbele, wakatoa diski iliyokwisha kati ya pingili za kiuno, wakaweka ya bandia. Mama aliposikia hayo kwa simu kule Kisarawe aliniuliza kama daktari alikuwa na uhakika mgongo uko upande gani. Nilicheka, na kucheka kukauumiza mshono.

Kwa miezi mitatu nisiiname, nisijipinde, nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Mimi ni fundi ujenzi, mtu wa kubeba saruji begani tangu ujana. Sasa mke wangu alikuwa ananivalisha viatu, na mswaki ukianguka nabaki kuutazama ulipo. Niliswali kwenye kiti. Waliokuja kunijulia hali waliniambia subira yavuta heri, wakanywa chai, wakanyanyuka na kwenda zao bila hata kushika meza. Niliwachukia kidogo, kila mmoja wao.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Figo za mama zilikuwa zimechoka, na wote tulijua hilo haliponi. Kwetu mwanamke hupokewa kaburini na watu wake mwenyewe, mwanawe au kaka yake, si mtu baki. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Tulipomzika baba nilishuka mimi, na tuliporudi nyumbani mama akaniambia, "Na mimi utanipokea wewe." Nikamjibu, "Inshallah, mama." Sijawahi kumwahidi mtu jambo kubwa kuliko hilo.

Kwa hiyo nilijifunza kutembea upya, na kaburi la mama likiwa kichwani mwangu. Hapa kwetu Sofu nilianza kwa kufika duka la kwanza, mkanda wa kushikilia mgongo kiunoni, narudi jasho linanitoka. Wiki iliyofuata nikafika la pili. Kwenye mazoezi ya viungo, hospitali ya Tumbi, binti aliyekuwa ananihudumia aliniuliza nataka nipone niweze kufanya nini. Nilimwambia nataka kuingia kwenye shimo la kimo cha mtu, niiname, nipokee kitu kwa mikono miwili bila kuyumba. Alidhani nachimba vyoo.

"Hilo bado sana, baba," akasema. "Labda baada ya miezi sita."

Sikumwambia kwamba shimo lenyewe huenda lisinisubiri.

Kila jioni mama alipiga simu. Hakuuliza kama ninaumwa, aliuliza nimefika wapi.

"Duka la tatu, mama."

"Basi unapona, mwanangu. Kaza moyo. Mimi nipo, nakungoja."

Sauti yake ilikuwa inapungua kila wiki, lakini nilimwamini. Nilifika mahali nikaona kila duka ninaloongeza linamwongezea na yeye siku. Ni ujinga, najua. Mtu aliyelala chali muda mrefu huamini mengi.

Alifariki wiki ya kumi, asubuhi. Jirani alinipeleka Kisarawe na gari lake, nimelala kiti cha nyuma, na hakuna shimo la barabarani ambalo mgongo wangu haukulijua. Tulifika watu wameshaanza kwenda makaburini. Jeneza lilipowekwa chini nilifungua mkanda, nikampa mtu aliyekuwa karibu, nikasogea. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka pamoja na wajomba zetu wawili. Nikamwambia atoke.

"Hapana, kaka," akasema kutoka mle chini. "Mama alishanikabidhi mimi. Alisema wewe usiingie."

"Alisema lini?"

"Siku uliyopasuliwa."

Wiki kumi. Jioni zote zile alizokuwa ananiuliza nimefika duka gani, alikuwa ameshapanga nani atampokea. Hakuwa anaungoja mgongo wangu. Alitaka tu nisikate tamaa nikalala. Nilimkasirikia mama hapo hapo, kabla hajazikwa, na sioni sababu ya kulificha hilo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi: bila ile ahadi nisingetoka kitandani.

Mzee mmoja wa msikitini alinishika mkono, akanipa ncha ya kanga. Anapozikwa mwanamke, kaburi hufunikwa kwa kanga wakati anashushwa, watu wasimwone. Wanaoishika husimama tu juu, na kusimama nilikuwa naweza. Kanga ikawa inapepea. Chini yake nilimsikia mdogo wangu akisema, "Polepole. Kichwa niachieni mimi." Sikuona kitu isipokuwa maua ya kanga. Nilisimama hivyo mpaka walipomaliza, na mgongo haukuuma hata kidogo.