Bi Nukta na Mabaki ya Programu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, kisha mawingu mazito yasiyonyesha.

Chumba cha kuchapa maandishi ya wasioona kiko nyuma ya jengo, mlango wa mwisho. Anayekitawala ni mama wa makamo ambaye wenzake humwita Bi Nukta, kwa kuwa miaka kumi na tisa sasa kazi yake ni kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, zile zinazosomwa kwa ncha za vidole. Aliishia sekondari. Mengine yote aliyapata kwenye kiti hicho hicho.

Siku hiyo alikuwa na mtihani wa hesabu wa wanafunzi sita wasioona. Gari la kuuchukua lingefika kesho yake saa nne asubuhi. Ukikosekana, watoto wangesomewa maswali kwa sauti, na pembetatu huwezi kumsomea mtu. Hilo Bi Nukta hakutaka hata kulisikia.

Saa tano na dakika kumi na mbili, ukurasa wa kumi na tisa, programu ya kompyuta anayogeuzia maandishi ikakata roho. Haikuaga. Alipoifungua tena ikagoma: diski imejaa.

Akamwita fundi wa kompyuta, mtu wa utani, naye akatazama akapiga mluzi. Programu ile huandika vipande vya kazi kwenye folda ya muda, na ikimaliza salama huvifuta yenyewe. Ikifa ghafla huviacha pale pale. Vilikuwa vimerundikana zaidi ya elfu mbili.

"Dada, una jalala humu," fundi alisema. "Futa yote tumalize."

"Yote?"

"Sasa unataka kuyachambua kama mchele?"

"Wewe ukiumwa jino, unang'oa na taya?"

Fundi akacheka, lakini kidole chake kilikuwa kishafika kwenye kitufe. Bi Nukta akamshika mkono. Humo ndani mlikuwa na michoro ya mtihani, pembetatu nne na grafu moja, aliyoipanga nukta kwa nukta tangu asubuhi. Programu huhifadhi michoro pale tu kazi nzima inapokamilika, na kazi ilikuwa haijakamilika.

Akatoa daftari. Kila programu inapokufa yeye huandika siku, saa na ukurasa. Fundi aliwahi kumtania kwamba anaweka orodha ya misiba. Akavipanga vipande kwa saa, akalinganisha na daftari, mstari kwa mstari, rula mkononi. Vya kazi ya leo vilikuwa saba. Akavihamishia folda nyingine, akavifungua kimoja kimoja kuona kama ni vizima, ndipo akasema, "Haya, fagia."

Programu ikafunguka. Akairudishia vile saba, michoro ikakaa mahali pake, na mashine ya kuchapa nukta ikaanza kugonga.

Msahihishaji, kaka mmoja asiyeona tangu utotoni, akapokea kurasa na kuzipitishia vidole taratibu. Bi Nukta alisimama kando yake kama mtahiniwa.

"Grafu hii kaipanga nani?"

"Ina kosa?"

"Nauliza nani. Mimi shuleni grafu nilikuwa nahadithiwa tu, dada. Hii naiona."

Bi Nukta akageuka, akajitia kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kesho yake asubuhi dereva alisaini, akaondoka na bahasha sita. Bi Nukta hakwenda kunywa chai. Alikaa akaiandikia kompyuta mistari kumi na mmoja ya maagizo: programu ikiisha, iwe vyema au vibaya, mabaki yafagiwe papo hapo, ila vipande vya kazi isiyohifadhiwa viwekwe kando na tarehe yake. Kisha akamwita fundi, akaanzisha kazi ndogo, na katikati yake akaiua programu kwa makusudi.

Folda ya muda ilikuwa tupu. Pembeni, vipande vitatu vilikuwa vimekaa na tarehe yao.

Fundi akavuta kiti. "Hebu tena."

Bi Nukta akaiua tena.